Dawa ya Kuzoesha

"Kijiko kimoja tu! Kijiko cha chai, tena hakijajaa!"

"Kijiko cha nini, mama? Sema, na Bi Chiku asikie."

"Usinipandishie sauti kwenye nyumba niliyokuzalia."

"Sijapandisha. Nauliza, kijiko cha nini?"

"Cha karanga," akasema Bi Hafidha, na mchi haukusimama. Alikuwa anatwanga tangawizi zake uani, pale mtaani Levolosi, kana kwamba mkwewe hajalazwa tangu jana jioni na dripu mkononi.

Selemani alihisi kichwa kinachemka. Daktari alimuuliza mara tatu, mke wako amekula nini? Na mara tatu yeye, kidume, akaapa kwamba nyumba yao haijaingia karanga tangu amuoe Namelok. Aliapa kwa sababu alizitoa kwa mikono yake. Mwaka mzima anapika yeye: mchicha kwa nazi, kisamvu kwa nazi, mafuta hanunui mpaka asome kibandiko. Mahindi anayapeleka Elerai, kwenye mashine isiyosaga unga wa lishe, maana lishe ina karanga na vumbi lake linabaki mle mle. Washkaji wa kijiweni wakamwita Shefu Mwali. Akawaacha wacheke. Aliwahi kuona midomo ya Namelok ikivimba kwa kipande cha kashata ya karanga, akasema sitaki kuona tena.

Kumbe mama yake alikuwa anazitia kwenye chupa ya dawa ya kifua anayomtengenezea Namelok.

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii. Nilianza na kile kinachoshika kwenye ncha ya kisu. Jana ndiyo nikasema sasa kijiko. Wewe mwarobaini si nilikuzoesha hivyo hivyo? Ukatapika, ukalia, mwisho ukanywa. Mwili unazoeshwa! Nimetibu watu mtaa huu hujaota hata meno."

"Wiki tatu anajikuna! Kabadilisha sabuni, kabadilisha mafuta, kaacha mpaka maziwa, mtoto wa wafugaji wa Momela kaacha maziwa! Na wewe umekaa unamtazama!"

"Nilikuwa namtibu! Kesho akizaa, na mtoto naye asile?"

"Hafidha," akasema Bi Chiku, jirani wa mlango wa pili. Alikuja kuomba mchaichai, sasa amesimama nao mkononi hajui aende au akae. "Kwani mwenyewe ulimwambia?"

"Ningemwambia angekunywa?"

Mchi ukanyamaza. Neno lilimtoka Bi Hafidha zima zima, na wote watatu walilisikia.

"Umejisikia, mama?"

Bi Hafidha akajifuta mikono kwenye kanga, akasogea, sauti ikashuka. "Selemani, baba. Mwambie ni dagaa. Dagaa wanadhuru watu wengi tu. Atapona, atarudi, na mimi sirudii, wallahi. Ila ukimwambia ni mimi, hatakula tena mkononi mwangu."

"Ndiyo maana namwambia."

"Mimi ni mama yako!"

"Ndiyo. Angekuwa mtu mwingine, saa hizi hana meno."

"Astaghfirullah! Selemani!" Bi Chiku akashika kifua.

"Mwache anitukane," akasema Bi Hafidha. "Kaoa, kakua."

"Asubuhi kaniuliza, koo limebana, sauti haitoki: nimekula nini? Anadhani nimeteleza mimi jikoni. Na mimi nikaamini! Nikamwomba msamaha, mama. Nimepiga magoti kwenye sakafu ya wodi kwa ujinga wako!"

Hakungoja jibu. Aliingia chumbani, akatoka na kanga mbili za Namelok, nguo zake mwenyewe kwenye begi, na sufuria yao ndogo ya uji.

"Sufuria ya nini?" Bi Hafidha aliiona hiyo kwanza. "Hospitali si wana vyombo?"

"Ya kupikia. Akitoka, tutapika huko tutakakokuwa."

"Wapi? Kwa nani?"

"Popote ambapo mtu akipewa kikombe anaambiwa kina nini."

 Bi Hafidha akaangalia jiko, chupa ya chai imejaa, mihogo imefunikwa na sahani. Hapo ndipo sauti ilipomvunjika.

"Hujala tangu jana, mwanangu. Kaa basi. Kula kidogo."

Selemani akamtazama, akaitazama sahani. Njaa alikuwa nayo kweli. Akageuka, akaenda zake.