Kopo la Mzee Dagnachew

"Kohoa tena, baba."

Mzee Dagnachew akajikaza, akatoa kikohozi cha kuigiza, na mate mepesi yakadondoka koponi. Zinash akatikisa kichwa. Miaka kumi na tisa katika maabara ya kituo kile cha afya, juu milimani Gojam, ilimfundisha kusikiliza kifua kabla ya kugusa hadubini. Kifua hiki kilikuwa kizima kama ngoma ya kanisa.

Mezani palikuwa na vioo viwili vya hadubini vyenye jina la mzee. Cha kwanza, cha mate aliyotoa jana palepale kituoni, hakikuwa na kitu. Cha pili, cha makohozi aliyoyaleta leo asubuhi kutoka nyumbani, kilimtia hofu. Alikuwa amekipaka rangi nyekundu, akakipasha moto kwa taa ya spiriti hadi mvuke ukafuka, akakiosha kwa asidi, akakimalizia kwa buluu. Kisha akaketi kutazama sehemu baada ya sehemu, bila haraka, kama mtu achambuaye dengu. Wadudu wa kifua kikuu walikuwa tele, vijiti vyekundu visivyohesabika. Mwenye mzigo huo kifuani hapandi mlima ule na gunia la nafaka mgongoni. Mzee alikuwa amepanda nalo, wala hakuhema.

Mwingine angeandika kwamba ugonjwa upo, akaenda kunywa kahawa yake. Zinash hakuwa mtu wa hivyo, na hapo ndipo utakapompenda.

"Haya ni ya nani?"

"Yangu."

"Baba, mimi si kasisi, sikuungamishi. Ya nani?"

Mzee akavuta shuka lake jeupe la pamba hadi puani. "Ya Simegn, binti yangu. Wazee wa upande wa mume wameshakuja, harusi ni baada ya Pasaka. Wakisikia kifua kikuu, nani atamwoa? Niandikie mimi. Dawa nitapewa mimi."

"Zinamezwa mbele ya nesi, kila siku. Utafanyaje?"

"Nitazificha chini ya ulimi. Nikifika nyumbani nampa."

Zinash alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alikuwa radhi aumbuke yeye ili binti yake asalimike. Tatizo ni kwamba dawa hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, na nesi huchungulia kinywa. Akiandika jina la mzee, mzima atatibiwa na mgonjwa atazikwa.

"Sikuandikii," akasema. "Mlete Jumamosi, siku ya soko. Nani atajua kaja sokoni au kaja kwangu? Asipokuja, Jumapili nakuja mwenyewe, na huko mlangoni sitanong'ona."

"Wewe mwanamke una roho ngumu!"

"Ngumu kweli, baba. Jumamosi."

Jumamosi Simegn akaja, mwembamba, mashavu yamemwingia ndani, baba yake akimfuata huku akigeuka kila hatua kutazama nani anawaona. Zinash akawapeleka nyuma ya jengo penye upepo, mahali pa kukoholea. Kando ya ukuta alisimama kijana mmoja, kofia mkononi.

"Na huyu?"

"Ndiye Yirga, tunayeoana naye," Simegn akasema. "Nilimwambia mwenyewe juzi."

Mzee akaketi juu ya jiwe, akafunika uso.

Simegn akakohoa, na mara hii hapakuwa na maigizo. Kilikuwa kikohozi cha kutoka chini kabisa, kikampinda mgongo. Alipomaliza akafunga kopo vizuri, akampa Zinash kwa mikono miwili. Zinash akaandika juu yake: Simegn Dagnachew.

Yirga akasogea.

"Dada, na mimi nipe kopo."

"La nini?"

"Wiki ya tatu hii nakohoa usiku." Akamtupia jicho mzee, akateremsha sauti. "Niliogopa baba akisikia, ataninyima mke."

Mzee Dagnachew akainua uso, akamtazama kijana. Kisha akajisogeza ukingoni mwa jiwe, akamwachia nafasi ya kukaa.