Hereni Zilizosubiriwa Idi Tatu

Shangazi Zuena hakuwa mwongo, tusimsingizie. Shida yake ilikuwa kuahidi. Ahadi zilimtoka mdomoni kirahisi kama salamu, na akishaahidi moyo wake unatulia kabisa, utadhani keshatimiza. Ndivyo alivyomwahidi hereni Munira, binti wa kaka yake kule Mnyuzi. Siku mtoto anatogwa masikio, Zuena ndiye aliyemshika kichwa na kumbembeleza: "Nyamaza mama, hereni zako nakuletea mimi Idi ikifika."

Idi ikafika. Ikafika na ya pili, na ya tatu. Mara mvua, mara mahindi yake yamekwama sokoni Handeni, mara amekuja kweli, lakini kaja na mikono mitupu na maneno mengi. Munira akawa anatia vijiti vya fagio la chelewa kwenye matundu yake yasizibe. Kijiti kikichakaa, anavunja kingine. Wenzake wakambandika jina, Fagio. Alijibu kwa utulivu tu kwamba hereni zake ziko Handeni.

Wiki moja Shamimu, mama wa mtoto na wifi yake Zuena, akampigia simu.

"Wifi, nimemnunulia Munira hereni mnadani, kazikataa. Anasema shangazi kasema ataleta. Sasa Jumamosi ni harusi ya mdogo wangu, na Munira ndiye anashika maua. Ukija bila hereni, navichomoa vile vijiti, masikio yazibe yaishe. Sitaki mwanangu akue anangoja kitu kisichokuja."

Shamimu hakugomba. Angegomba, Zuena angepata la kumjibu, maana kwa kugombana yule hashindwi. Ile sauti ya upole ndiyo iliyommaliza. Aliona aibu peke yake nyuma ya magunia ya mahindi, wala si kwa sababu ya wifi. Kilichomchoma ni kwamba mtoto bado anamwamini.

Siku hiyohiyo akaenda kwa sonara, akachagua mpaka sonara akachoka naye. Akatoka na hereni ndogo za fedha zenye kijiwe chekundu. Jumamosi alfajiri akawakumbuka wezi wa stendi. Kwenye pochi si salama, kwenye begi ndiyo kabisa. Masikio yake mwenyewe yalikuwa matupu tangu hereni zake zipotee zamani, basi akazivaa, akajifunga mtandio juu yake, akapanda basi la Korogwe akijiona mjanja kuliko vibaka wote wa mkoa wa Tanga.

Ndani ya basi akakaa na mama mmoja anayekwenda kumposea mwanawe. Na Zuena akipata mtu wa kuzungumza naye, basi tena. Wakaizungumza posa, wakamzungumza mkwe, wakamzungumza na mama wa mkwe ambaye hawajamwona. Basi lilipoingia Korogwe, hereni zilikuwa zimeshamtoka kichwani, ingawa zilikuwa bado masikioni. Akachukua bodaboda mpaka Mnyuzi.

Munira alikuwa amesimama mlangoni na gauni jeupe, vijiti masikioni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Njoo, leo sikuja mikono mitupu."

Akafungua pochi. Akafungua begi. Akamwaga mkekani kitenge cha harusi, viatu, sabuni na maandazi ya safari, akalikung'uta begi mpaka vumbi la mwisho. Jasho likamtoka. Shamimu alisimama mlangoni akimtazama, na afadhali angegomba.

"Nilizinunua," alisema Zuena. "Wallahi wifi, nilizinunua, zina kijiwe chekundu."

Hata yeye alisikia jinsi yalivyofanana na maneno yake ya miaka yote. Akaketi mkekani, akavua mtandio afute machozi.

Munira akainamisha kichwa, akamkodolea macho. "Kijiwe chekundu kama hicho cha sikioni kwako?"

Zuena akapeleka mkono sikioni. Shamimu ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia mlango. Zuena akacheka huku analia, na jirani wa nyumba ya pili akaja kuuliza kulikoni, akaambiwa, naye akaketi chini kwa kicheko. Kisha shangazi akavichomoa vile vijiti, akamvalisha mtoto hereni kwa mikono yake mwenyewe. Munira akakimbilia kioo, akarudi, akageuza shingo huku na huku ili kila mtu aone. Alipendeza, naye alijua kwamba amependeza. Moyo wa Zuena ulijaa furaha.

"Na wewe utabaki hivyohivyo?" Munira akamuuliza.

"Mimi mtu mzima, mwanangu."

Mtoto hakumsikiliza. Akaviokota vijiti, akavisuuza, akamtia shangazi yake kimoja kimoja, polepole, asimuumize.

"Yasizibe," alisema. "Nikikua nitakuletea zako."

"Lini?" akauliza Zuena.

"Idi ikifika."

Shamimu akaanza kucheka upya.

Jumatatu sokoni Handeni, wateja walimshangaa. Wengine walimcheka wazi, wakamuuliza mama mzima na vijiti vya fagio masikioni kuna nini. Zuena aliendelea kupima mahindi. Akajibu kwa utulivu tu kwamba hereni zake ziko Mnyuzi.