Vifaranga Rangi ya Kokoto

Hamida angekubali kushindwa na mumewe, na jirani, hata na mvua. Lakini na mwewe, katu! Miaka mitatu aliyofuga kuku hapa Wazo, kwenye ua uliojaa kokoto za kijivu, mwewe alikuwa akijichagulia kitoweo kama mgeni aliyealikwa.

Kuku wa mwanzo walikuwa wa kila rangi. Vifaranga wekundu wakaliwa, weusi wakaliwa. Wenye madoadoa ya kijivu wakabaki, wakakua, wakatotoa wengine wa rangi ileile. Hamida aliwaona wana sura mbaya. Akaagiza Singida jogoo mweupe pe, akaapa banda lake litang'aa.

Mtetea mmoja wa madoadoa akatotoa kumi na mmoja, wanne weupe. Hao wanne Hamida akawachovya kwenye rangi ya zambarau ya kusukia mikeka, kama mama yake alivyofanya Temeke kumtisha mwewe.

"Huyu wa hapa sijui kama anatishika," alisema Mwishehe, mumewe.

"Atatishika. We subiri tu."

Siku tatu, watatu wakaenda. Zambarau juu ya kokoto ilionekana hata kutoka barabarani, sembuse angani! Ijumaa asubuhi mtetea akapiga ukelele. Hamida alitoka na ufagio, akakuta mwewe anapaa na wa nne, na ua mtupu.

"Kawamaliza wote!"

Mtetea akaita taratibu. Kokoto zikasimama, zikawa vifaranga saba. Mmoja alikuwa amelala bapa karibu na kandambili yake, nusura amkanyage.

"Mashaallah," akasema Hamida, akachuchumaa kuwatazama. Hakuna aliyewafundisha. Wote waliowahi kuonekana, au kukimbia badala ya kutulia, waliliwa kabla ya kutaga hata yai moja. Miaka yote hiyo mwewe ndiye aliyechagua mbegu ya banda hili, na alichagua vizuri kuliko yeye.

Mwishehe akatokea na kisu. "Mama yangu anafika mchana. Nimchinje huyo wa madoadoa, si ndo ulivyosema?"

"Mguse uone! Chinja jogoo."

"Wa Singida? Unayemwogesha?"

"Huyohuyo."

Alimkamata mwenyewe, akamkabidhi mumewe huku machozi yakimtoka, maana alimpenda kweli. Lakini kila mtoto mweupe wa jogoo yule angezaliwa kuwa chakula, na Hamida alikuwa amechoka kuwazika kwa macho.