Gari Saba Liko Getini

Watu wengi hudhani kwamba anayepokea simu za dharura huyajua mambo ya watu mwanzo hadi mwisho. Wapi! Anachojua yeye ni kipande cha katikati tu. Mtu anapiga akilia, anaulizwa yuko wapi, anaelekezwa la kufanya mpaka gari la wagonjwa lifike, na likishafika simu inakatwa. Yule mzee aliamka? Mtoto alitapika kile alichomeza? Haulizi, na akiuliza hakuna wa kumjibu, maana simu nyingine inaita tayari.

Mwanamke huyu alikuwa ameifanya kazi hiyo mpaka mvi zikampata kitini. Kwenye redio ya upepo madereva walimwita Kituo, na wenzake chumbani, hata mlinzi wa getini, wakaiga: Mama Kituo. Mume alishatangulia mbele ya haki. Watoto walikuwa watu wazima, kila mmoja na mji wake. Walimpigia walipokwama, na kwa bahati mbaya yake alikuwa amezaa watoto wenye akili, hawakukwama mara kwa mara. Nyumbani aliwasha televisheni kabla hata ya kunawa uso, si kwamba kulikuwa na kipindi alichokipenda, bali apate kusikia mtu anaongea. Alikuwa mpweke, na alijijua.

Aliyekuwa anaongea naye hasa ni dereva wa Gari Saba. Kuongea lenyewe ni neno kubwa. Redio ya upepo ni ya wote, na kanuni ni moja: hakuna soga. Dereva anasema alipo, anasema amembeba nani, basi. Lakini huyu wa Saba alijua kupenyeza utu katikati ya kanuni. "Kituo, Gari Saba hapa, nimeshusha mgonjwa, niko huru. Sauti yako leo ina mafua." Au siku nyingine: "Kituo, huku mvua imeshika. Kama umeanika nguo, shauri yako."

Naye Kituo alijibu kwa sauti kavu ya kiofisi, "Nimekupata, Saba," kisha akatabasamu peke yake akiutazama ukuta. Hawakuwahi kuonana. Gari Saba lililala upande wa pili wa mji, na zamu zao hazikuacha nafasi ya kutembeleana. Sauti ile ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, na juu ya sauti hiyo Kituo alikuwa amejijengea mtu mzima mzima: mabega mapana, shingo nene, mwendo wa taratibu wa mtu asiyebabaishwa na lolote.

Basi ukaja mtambo mpya. Mtaalamu wa kompyuta aliyeletwa kuufunga aliwaeleza kwamba kila gari litakuwa na kishikwambi. Simu ikiingia, mtambo wenyewe utachagua gari lililo karibu zaidi, na mpokea simu atabonyeza "Tuma". Dereva naye atabonyeza kwake: nimepokea, nimefika, niko huru. Kwenye ramani kila gari litakuwa kitone chenye namba. Redio ingebaki ya akiba, kwa siku ambayo mtandao utagoma.

"Kwa hiyo hatutaongea tena na madereva?" aliuliza Kituo.

"Hamtahitaji," alisema mtaalamu, kwa furaha ya mtu anayegawa zawadi.

Siku ya mwisho ya redio, alasiri, simu zilikuwa zimepoa. Sasa, chini ya meza ya Kituo palikuwa na kanyagio. Ukilikanyaga, sauti yako inakwenda kwenye magari yote. Ukiondoa mguu, unawasikia wao. Wageni wa kazi hiyo husahau kulikanyaga. Wazoefu wana kosa lao: mguu huzoea kukaa pale, ukajisahau. Dada yake alimpigia kwenye simu ya mkononi kumjulia hali, na Kituo, mguu ukiwa palepale, akafungua moyo.

"Wenzangu wanafurahia mtambo mpya. Mimi namlilia mtu, dada. Yule wa Gari Saba. Sijamwona hata ukucha, lakini ndiye peke yake anayejua nikiwa na mafua. Kesho wakizima redio nitabaki na nani? Nitakuwa naongea na birika."

Msimamizi wa zamu alichomoka ofisini kwake mikono hewani. "Mguu! Mama, toa mguu!"

Aliutoa. Papo hapo Gari Tatu likaingia: "Kituo, tumekupata vizuri mno." Gari Tano likaomba nalo lililiwe kidogo. Wakacheka, na vicheko vyao havikuwa na ubaya, ila yeye alitamani ardhi ipasuke immeze. Alingoja Saba aseme lolote, hata utani.

"Gari Saba, niko huru," ilisema ile sauti nzito.

Jioni ile redio ikazimwa.

Na ukweli usemwe, mtambo ulikuwa mzuri. Magari yalifika mapema, mitaa haikuchanganywa tena, na hilo lilimnyima Kituo hata haki ya kununa. Chumba kilikuwa kimya, kila mtu na skrini yake, vidole tu vikilia. Yeye alipokea simu, akatuma magari, na katikati ya kazi macho yakakimbilia kitone chenye namba saba. Alikiona kikienda hospitali, kikirudi kwao, kikilala. Alijuta kwa kuwa maneno yake yalimfikia yule mtu bila kutumwa. Tena alijuta zaidi kwa kuwa yalikuwa kweli.

Wiki zilipita. Kisha alasiri moja kitone cha Saba kilitoka hospitali, kikiwa huru, na badala ya kukata kuelekea kwao kikaja upande huu. Kituo alifikiri ramani imekosea. Kikapita sokoni, kikaingia kwenye mtaa wao, kikasimama. Simu ya ndani ikalia. Alikuwa mlinzi.

"Mama, hapa kuna dereva anamtafuta Kituo. Nimemwambia Kituo ni jengo hili lote, yeye anataka chumba gani? Anasema anamtaka mtu, sio chumba. Nikajua ni wewe. Nimpandishe?"

"Hapana. Nashuka mwenyewe."

Alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa amevaa sweta iliyotoboka kiwiko, na siku yenyewe ndiyo hii! Akaikunja mikono, akainuka, akashika vipokea sauti avivue masikioni. Wenzake wote walikuwa na watu kwenye simu. Taa ya simu yake ikawaka.

Akaketi, akapokea.

"Baba yangu ameanguka! Hapumui!" Alikuwa msichana, na alikuwa akipiga kelele. Kituo alimtuliza, akamuuliza mtaa. Palikuwa nyuma ya shule, mwendo mfupi tu kutoka pale walipo. Mtambo ukafanya kazi yake: gari lililo karibu zaidi, Saba. Gari lililofuata lilikuwa ng'ambo ya daraja, limenasa kwenye foleni. Hapakuwa na la kufikiri, wala hakufikiri, ila kidole kilikuwa kizito. Akabonyeza "Tuma". Chini, nje ya ukuta, king'ora kikaanza kulia, kisha kikaanza kwenda mbali.

"Weka simu chini, fungua spika," alimwambia msichana. "Viganja vyako vyote viwili katikati ya kifua chake. Kandamiza kwa nguvu, usimwonee huruma. Hesabu na mimi."

Wakahesabu pamoja, msichana akilia na kuhesabu, Kituo akihesabu bila kuyumba. King'ora kilichofifia dirishani kikaanza kukua masikioni mwake, kupitia simu ile. Mlango ukagonga ukuta.

"Sogea, dada yangu, tumefika. Umefanya vizuri sana, sasa tuachie sisi," alisema mwanamume mmoja. Sauti yake ilikuwa nyembamba, laini, ya mtu wa kusomea watoto hadithi. Kituo akamngoja yule mwingine, mwenye sauti nzito, aongee.

"Saba, wewe kandamiza, mimi nampa hewa," alisema mwenzake, na alikuwa mwanamke.

"Nimeshaanza," ilijibu ile sauti nyembamba.

Kumbe ndiye huyo. Uzito wote ule na mkwaruzo wote ule vilikuwa vya redio. Lau wangekutana dukani akamwomba njia, Kituo angempisha bila kugeuka.

Kanuni inasema wakishafika, kata. Simu ilikuwa bado sakafuni, wazi, karibu na goti la Saba pengine. Kituo angesema neno moja tu, Saba angelisikia. Lakini yule mtu alikuwa anahesabu juu ya kifua cha mtu, na hesabu hiyo haikatizwi. Kituo aliziba kipaza sauti kwa kiganja, pumzi zake zisifike kule. Akasikiliza kidogo. Kisha akakata.

Simu ya ndani ikalia tena.

"Mama, yule mgeni wako ametoka hapa mbio, hata kuaga hakuaga!" Mlinzi alikuwa na hasira za kweli. "Ndiyo kwanza nilikuwa nimempa kiti. Nani kamkimbiza hivyo?"

"Mimi," alisema Kituo.