Mara Moja Tu

Muuguzi wa kliniki moja pale Voi alinipima presha, akanitazama macho, akaniambia, "Mama, lazima ujitunze." Nikamuuliza saa ngapi. Akacheka akidhani namtania, akaita mgonjwa mwingine.

Mimi ni Kasyoka, ingawa hapa Marungu kila mtu ananiita Mama Muinde, na wamepatia, maana ndiyo kazi yangu yote. Muinde ni mwanangu, kijana wa miaka ishirini na miwili, ndevu zimeota na nguvu za kusukuma trekta anazo. Ana usonji. Maneno yake ni machache na hayatumii ovyo. Usingizi wake nao ni wa vipande vipande, na akiwa macho lazima nami niwe macho, kwa sababu lango likibaki wazi atashika njia ya mbugani, na ndovu hawaulizi mtu ana hali gani. Baba yake yuko Mombasa. Kila nikimpigia, kazi imembana. Sijui imembana sehemu gani ya mwili hata hawezi kuja kukaa na mtoto wake Jumapili moja.

Msimu mmoja wa kulima nilikuwa nimeanza kusinzia nimesimama. Asubuhi moja nilisinzia nikimimina uji wa moto, ukanimwagikia mguuni. Hapo niliogopa kweli. Kesho ungemwagika kwa Muinde, au ningesinzia lango likiwa wazi. Sikutaka ushauri wala pole. Nilitaka kulala mchana mmoja kama mtu aliyekufa, kisha nifufuke.

Sasa, sisi Wakamba tuliohamia huku tulikuja na mwethya wetu. Kina mama tunalimiana kwa zamu: Alhamisi hii shamba la huyu, ijayo la yule, na mwenye zamu anapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wa kushibisha kikosi. Tunalima tukiimba. Muinde hastahimili nyimbo. Huketi mwisho wa shamba ameziba masikio, nami nalima nikimtazama yeye badala ya jembe, ndiyo maana mistari yangu imepinda na wenzangu wanaisema mpaka leo.

Mwenyekiti wetu ni Tryphena, mama mwenye sauti kubwa na imani kubwa zaidi. Mwaka juzi alinijia nyumbani na chupa ya mafuta ya upako ili amwombee Muinde apone. Alipofumba macho kuanza maombi, Muinde aliichukua ile chupa, akaenda taratibu mpaka kwenye wilbaro, akaimimina yote kwenye ekseli. Wilbaro ile ilikuwa ikilia kama punda, na kelele hiyo ilikuwa inamtesa. Tangu siku hiyo hailii tena. Mimi nilisema amina.

Basi zamu yangu ikafika. Tulikuwa tumeketi kwa Tryphena tukipanga, akaniuliza waanzie upande gani wa shamba.

"Msilime," nikasema. "Shamba liacheni. Njooni mkae na Muinde kutoka asubuhi hadi jioni, mimi nikalale."

Kina mama walinitazama kana kwamba nimeomba waninyoe nywele.

"Mama Muinde," Tryphena akasema, "mwethya ni jembe."

"Jembe linashikwa na nani?" akauliza Khalayi. Huyu ni jirani yangu, Mluhya ambaye mumewe aliletwa huku na kazi ya mkonge. Aliingia mwethya wetu bila kualikwa na hakuna aliyethubutu kumtoa. "Mwangalieni. Juzi alinisalimia mara mbili kwa mlango ule ule. Mnataka azimie ndio tulete sufuria za matanga?"

"Sijakataa," Tryphena akasema. "Lakini tukianza hivi, kesho mwingine atataka tumfulie. Tutakuja mara moja. Mara moja tu, Mama Muinde, umesikia?"

"Nimesikia," nikasema.

Nikawaeleza namna ya kuishi naye siku hiyo. Wasimshike kichwa. Wasimharakishe. Chai yake huwa ndani ya kikombe cha buluu na si kingine, hata kama kingine ni kisafi. Mitungi yake ya plastiki, ile anayoipanga uani kila siku, wasiisogeze. Na wasiimbe.

"Wasiimbe?" Tryphena akashika kifua. "Mwethya bila wimbo? Hata matanga yana wimbo!"

"Basi mfanye kama mmekufa nyinyi wenyewe," nikasema, na Khalayi akacheka hadi akashika ukuta.

Alhamisi wakaja. Nikamwambia Muinde naenda kwa Khalayi na nitarudi jua likishuka, nikamwonyesha kwa kidole litakapofika. Akakifuata kidole kwa macho. Nikaenda, nikajitupa kitandani kwa Khalayi na viatu miguuni. Nilidhani nitageukageuka nikisikiliza mayowe. Sikusikia kitu. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeuona tangu nilipokuwa msichana, na nilipoamka jua limeinama, nililia. Nililia kwa raha, na pia kwa hasira, kwa sababu kitu kidogo hivyo kilikuwepo duniani miaka yote na watu wengine walikuwa wakikipata kila siku bila hata kushukuru.

Kisha nikasikia ule ukimya wa nyumbani kwangu, nikakimbia.

Nikakuta mitungi imepangwa mstari mmoja chini ya ukuta wa jiko, na juu ya kila mtungi ameketi mama mmoja, mikono mapajani, kama wanaosubiri kupigwa picha. Muinde alikuwa akitembea mbele yao, huku na huku, ametulia, anatabasamu peke yake. Tryphena alikuwa mwisho kabisa, juu ya mtungi wa buluu. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimefungwa kwenye mkono wa wilbaro, na hakuna aliyetaka kunieleza kimefikaje pale.

"Alitupanga mwenyewe," Khalayi akaninong'oneza. "Mtu akiinuka, anamrudisha. Mimi nimebanwa na mkojo tangu chakula cha mchana."

Tryphena alinitazama kwa macho mekundu. Sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha yote.

"Kasyoka," akasema, akiniita kwa jina langu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, "ndivyo unavyoishi kila siku?"

"Leo ametulia," nikasema.

"Na hukutuambia?"

"Niliwaambia, mama. Mkafumba macho mkaomba."

Wakaondoka wakijinyoosha migongo kama waliolima ekari nzima.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa zamu ya Khalayi. Kabla sijachemsha chai, Muinde alikuwa ameshapanga mitungi mstari ule ule, chini ya ukuta ule ule, akasimama langoni akisubiri. Jua likapanda. Hakuna aliyekuja. Akakisukuma kikombe chake. Akaanza kuunguruma chini chini, nami nikajua kinachofuata. Lakini hakupiga kelele. Aliuchukua mtungi wa buluu, akafungua lango, akatoka, nami nyuma yake, kanga nimeifunga nusu.

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Tryphena, akautua mtungi katikati ya uwanja wake, akauelekeza ukae sawasawa. Tryphena akatoka na jembe begani. Wenzake walikuwa wameshakusanyika kwake kabla ya kwenda shambani, Khalayi akiwa mbele.

"Mama Muinde, tulikubaliana mara moja!"

"Mlikubaliana nyinyi. Yeye hakuwepo."

"Basi mweleze."

"Mweleze wewe," nikasema. "Mimi nimechoka."

Tryphena akamgeukia Muinde, akafungua mdomo. Muinde akautazama mtungi.

"Keti," akasema.

Neno hilo moja tu, kwa upole. Mimi mwenyewe nilikuwa na siku nyingi sijasikia neno kwake. Tryphena alisimama pale na jembe lake. Akaliweka chini, akakusanya leso yake, akaketi.

"Mitungi mingine iko wapi?" akauliza bila kumtazama mtu.

"Tutaibeba hadi shambani kwangu," Khalayi akasema. "Mmoja anakaa naye, wengine tunalima. Kimya."

"Kimya," Tryphena akakubali, kama mtu anayemeza kwinini. Na hadi leo ndivyo wanavyolima kila Alhamisi, Tryphena akiimba mdomo umefungwa, mabega tu yakicheza.

Unaweza kuniuliza kama nilijua kwamba mara moja haitaishia mara moja. Nimemlea Muinde tangu alipozaliwa. Najua kitu kikifanyika nyumbani kwangu siku moja kinakuwa sheria, ndiyo maana mimi mwenyewe huwa mwangalifu sana ninachokianza. Nilipomsikia Tryphena akisema mara moja tu, karibu nimbusu.

"Unangoja nini hapo?" Tryphena akanifokea asubuhi ile kutoka kwenye mtungi wake. "Nenda ukalale!"

Nikaenda.