Nati ya Pampu ya Buswahili

Niseme mapema usije ukasema nilikuficha: pampu ya Buswahili niliiharibu mimi. Kwa mikono yangu hii, mchana kweupe, nikiwa nimevaa fulana ya klabu iliyoandikwa mgongoni "Tupo kwa Ajili Yenu". Ukitaka kunichukia, nichukie, lakini kwanza nisikilize.

Naitwa Thadeo Machage. Nimekuwa fundi wa pampu za maji miaka thelathini na moja, nikastaafu, na mwaka uliofuata mke wangu Gaudensia akafariki. Watoto wapo, mmoja Mwanza, mmoja Dodoma. Wananipigia Jumapili baada ya kanisa. Baba umekula? Nimekula. Baba unaumwa? Siumwi. Dakika tatu, simu imekatwa. Nyumba yangu iko Musoma, na ukikaa sebuleni kwangu asubuhi unasikia kelele za mwalo wa Mwigobero samaki wakishushwa. Nilikuwaga naenda pale kununua sato mmoja. Mama aliyekuwa ananiuzia akazoea kuniuliza, "Mmoja tu, mzee?" Nikamkimbia, nikahamia meza nyingine. Huko nako wakaanza kuniuliza hivyo hivyo.

Kwa hiyo Mama Stellah, yule mwenye duka la vifaa vya shule, aliponiambia niingie Klabu ya Mkono wa Jirani, sikungoja aseme mara mbili. Tuko watu ishirini na wawili: wafanyabiashara, walimu, mfamasia, mchungaji. Mama Stellah ndiye rais, na tunamwita Rais hata akiwa dukani anahesabu madaftari. Siwezi kusema hawafanyi kazi. Mwaka huu tumejenga vyoo vya shule kule Nyasura, Bunda. Tumechangia damu Butiama. Tumefagia mwalo wa Mwigobero mpaka wauza dagaa wakatushangaa. Ila kila kitu picha kwanza. Bango likunjuliwe, warefu wakae nyuma, "Fundi sogea, uko kwenye kivuli." Halafu kila mtu anaingia kwenye gari lake. Jioni picha zinamiminika kwenye grupu la WhatsApp, na mimi nakaa peke yangu nawaangalia watu niliokuwa nao mchana. Katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga kizingiti changu. Siwalaumu. Na mimi sikuwahi kumkaribisha mtu.

Halafu ukaja mradi wa Buswahili.

Pale kijijini kulikuwa na pampu ya mkono iliyokufa miaka minne. Wanawake walikuwa wanateka maji mtoni, na mto wenyewe ni Mara, una mamba, wala sikutishi. Klabu ikanunua vipuri, mimi nikapewa kazi mbili: nifufue pampu, halafu nifundishe kamati ya maji kuitunza. Nikawa naenda kila Alhamisi kwa miezi sita. Nilikuwa nadanganya kidogo. Kazi ile ukiniambia niifanye kwa bidii, naimaliza kwa mwezi na nusu.

Pampu iko kando ya mji wa mzee Keraryo, yaani boma lake. Mzee ana miaka themanini na kitu, macho yake yameanza kuchoka lakini mdomo bado. Anaishi na mkwe wake Miriamu, maana mume wa Miriamu yuko machimboni na hurudi Krismasi. Miriamu ndiye alikuwa mwanafunzi wangu hodari kuliko wote. Nilimfundisha kufungua kichwa cha pampu, kuvuta vyuma, kubadilisha washa, zile pete za mpira, na kufunga nati ya bolti inayoshika mkono wa pampu namna yangu mimi: ukishaikaza, unaizungushia kipande cha mpira wa tairi la baiskeli ili mtikisiko usiilegeze. Mafundi wengine hawafanyi hivyo. Wananicheka, halafu nati zao zinaanguka.

Kazi ikiisha, mzee ananiita kwenye kivuli cha ghala, kigoda changu kishawekwa, Miriamu analeta ugali wa mtama na samaki, na ubishi unaanza. Tulikuwa tunabishana kuhusu ng'ombe. Mimi ni mtu wa mjini, nasema ng'ombe watano wa maziwa wanatosha. Yeye anasema mtu mwenye ng'ombe watano ni mtu mwenye mbuzi wakubwa. "Umesoma ukapotea," ananiambia. Tangu Gaudensia aondoke hakuna mtu aliyewahi kunibishia kwa moyo namna ile. Nilikuwa narudi Musoma koo limekauka kwa kuongea, na Alhamisi hiyo nalala vizuri.

Basi siku ya makabidhiano ikafika. Turubai, viti vya plastiki, sufuria za pilau, mgeni rasmi, kwaya. Rais akanipa kipaza sauti, na mimi kama mjinga nikasema maneno tunayosemaga kila mradi: "Kuanzia leo pampu hii ni yenu. Spana ndizo hizi. Ikisumbua msitupigie simu, mnaye fundi wenu Miriamu." Watu wakapiga makofi. Mimi nikamtazama mzee Keraryo pale mbele. Nilijua nimejifungia mlango.

Labda unajiuliza, si ungeenda tu kumtembelea? Wewe hujui kwetu. Mwanaume wa umri wangu haendi kwenye mji wa watu hivi hivi, tena mji ambao mwanamke mumewe hayupo. Unakwenda na sababu: msiba, ng'ombe, kazi, ugonjwa. Ukienda bila sababu, watu watakutafutia. Sababu yangu ilikuwa pampu, na sasa pampu ilikuwa nzima.

Watu walipokwenda kwenye pilau nikasema nakagua mara ya mwisho. Nikatoa kisu, nikakata ule mpira, nikailegeza nati mzunguko mmoja na nusu. Ndani ya begi langu kulikuwa na bolti tatu za akiba, za saizi ile ile, ambazo zilipaswa kuwa kwenye sanduku la spana. Sikuzitoa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: wiki mbili hivi nati itaanguka, bolti itachomoka, watatafuta ya kufanana nayo watakosa, Miriamu atanipigia, "Baba, njoo." Nami nitakwenda. Alhamisi.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Nilitembea na simu mpaka chooni. Siku moja nilimwomba jirani mwenye duka anibipu nione kama inalia. Ililia. Akaniuliza nasubiri simu ya nani, nikasema ya ofisini, na mimi nina miaka sita sijui ofisi inanukaje.

Wiki ya nne nikaenda kwa Rais dukani. Nikamwambia, "Rais, ile pampu ya Buswahili ingefaa kufanyiwa ufuatiliaji." Hata hakuinua kichwa. "Fundi, ile tumeshakabidhi. Tunahamia Bunda sasa, kuna madawati. Upande wa fundi tutakuita." Nikatoka pale. Nikasimama barabarani kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Nilikuwa mpweke, nasema hivyo hivyo bila kuzunguka, mpweke mpaka mifupa inauma.

Kesho yake, Alhamisi, nikapanda Hiace, nikamalizia na bodaboda.

Kabla hata sijafika kwa mzee nikakutana na wanawake watatu kwenye njia ya mtoni, ndoo kichwani, tope mpaka magotini. Wakanisalimia vizuri tu. "Shikamoo fundi, umepotea." Nikaitikia marahaba nikiangalia zile ndoo. Kwenye pampu mkono ulikuwa umelazwa chini kwenye nyasi, na juu ya kichwa cha pampu mtu amefunika gunia ili vumbi lisiingie. Hicho ndicho nilichofundisha: ikiwa wazi, funikeni.

Miriamu akatoka nje akifuta mikono. Alikuwa amekonda. Ilikuwa siku ya nane tangu pampu isimame, akaniambia. Bolti ilidumbukia kisimani. Alikwenda mpaka Nyasura, maana ana dada yake kule, akapata mchomeleaji wa kumchongea bolti nyingine. Ikatumika nusu siku ikavunjika. Na siku hiyo alipokuwa Bunda, mzee hakutaka kuomba maji kwa jirani, akabeba kidumu akaenda mtoni mwenyewe na macho yake yale. Akateleza kwenye ukingo. Waliomwokota ni watu waliokuwa wanalisha ng'ombe.

Nilimkuta kwenye kivuli cha ghala, mguu umefungwa vibao na kanga. "Thadeo," akasema, "umekuja kuniona nilivyofundishwa na mto?" Nikacheka kwa sababu yeye alicheka. Moyoni nilitamani ardhi inimeze.

Nikatoa bolti kwenye begi. Dakika kumi, maji yakatoka. Wanawake wakapiga vigelegele, wakanipa mikono, mmoja akasema Mungu ndiye aliyenituma. Miriamu alisimama na ndoo yake hakupiga kigelegele. Aliangalia begi langu, zile bolti mbili zilizobaki, halafu akaenda kukamata jogoo.

Walinichinjia. Kwenye miezi sita nilikula samaki, ugali, mlenda, lakini kuku sikuwahi kuchinjiwa, na firigisi ikawekwa kwenye sahani yangu mbele ya mwenye mji. Unajua maana yake. Mzee alikuwa na furaha, ananibishia, ng'ombe wangu watano wamekuwa wanne sasa, anasema mmoja nimemla. Kila nilichokitamani kwa wiki zile nne kilikuwa mbele yangu. Na sikuwa na raha hata ya kumeza mate. Waliyekuwa wanamkaribisha pale siyo mimi, ni fundi mwema fulani aliyetumwa na Mungu, na mimi nilikaa pembeni yake simjui.

Nilipoaga, Miriamu akanisindikiza mpaka njia panda.

"Baba," akasema, "ule mpira niliuokota. Haukuchakaa. Ulikatwa na kisu."

Nikasimama.

"Sijamwambia mzee."

"Miriamu, mwanangu..."

"Sikuombi unieleze. Nimebeba maji siku nane, nimechoka, sina nguvu ya kusikia." Aliponiangalia tena macho yake hayakuwa na hasira. "Ila kitu kimoja nikwambie. Alhamisi ya kwanza baada ya makabidhiano, mzee alikaa pale kivulini tangu asubuhi akaniambia niongeze unga. Alhamisi ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akasema, yule tulikuwa kazi yake, kazi imekwisha. Bolti ilipoanguka nilitaka kukupigia, akanikataza. Alisema wewe mwenyewe ulisema tusipige, na yeye hawezi kumwita mtu kwa shida wakati kwa heri hakuja. Ungekuja tu, baba. Ungekuja tu ukakaa."

Miaka yote hii najua kusikiliza pampu nikajua inaumwa wapi, na mzee mmoja ananingoja Alhamisi tatu sikumsikia.

"Nirudi nikamwambie?" nikamuuliza.

"Hilo ni lako," akasema, akashika njia ya nyumbani bila kuniangalia.

Nikamfuata. Mzee alikuwa bado amekaa, mifupa ya kuku kwenye sahani. Nikapiga magoti, na magoti yangu si ya kupigwa tena, nikamweleza yote: kisu, nati, bolti tatu, simu niliyokuwa naingoja. Nikamwambia na sababu. Nikamwambia nyumbani kwangu nanunua samaki mmoja.

Akaupapasa ule mguu wake. Halafu akauliza, "Miriamu anajua?"

"Anajua."

"Anajua, na amekupa firigisi?"

"Ndiyo, mzee."

Akatikisa kichwa. "Mimi nimekaa hapa nakungoja wewe, na wewe umekaa kule unaingoja simu. Wajinga wawili, mguu mmoja umevunjika." Hakucheka. Akageuza uso upande wa zizi. "Haya nenda, giza litakukuta."

Hakusema nirudi. Hakusema nisirudi. Nilikwenda nimejiinamia mpaka bodaboda akaniuliza kama nimefiwa.

Nimezikabidhi zile bolti mbili kwa Miriamu. Rais nimemwambia pia kwa simu, akasema tutaongea kikaoni, na kwenye grupu toka siku hiyo hakuna anayeniita fundi wetu. Sawa. Hiyo nimeitafuta mwenyewe.

Leo ni Jumatano. Nimefua shati. Begi la spana nimeliacha chini ya kitanda, kesho siendi nalo. Sina msiba wa kwenda nao, sina ng'ombe, sina kazi, na watu watasema watakavyosema. Kama ni kufukuzwa, acha nifukuzwe nikiwa mbele yake, siyo hapa nikisikiliza simu.