Globu ya Ndani ya Amplifaya

Wakwe kutoka Kighare walikuwa wafike saa kumi. Saa tisa na nusu amplifaya yangu ilikuwa bado bubu, na mkahawa wangu umejaa watu wanaojua kila kitu isipokuwa dawa yake.

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Mwezi mzima nilizunguka soko la Same nikitangaza kwamba harusi ya binti yangu Priska itakuwa na muziki wa umeme, si santuri ya kuzungusha kwa mkono. Salama, mwenye mkahawa wa karibu na stesheni, alishapita mara tatu "kunisalimu".

"Mama Priska, mbona kimya? Au wakwe watacheza kwa masufuria?"

Amiri alikuwa amesimamisha mashine yake ya kusaga ili jenereta inihudumie mimi. Kwenye matundu ya sanduku la amplifaya taa zake za vioo zilionekana zikiwaka vizuri, nyekundu kama makaa, lakini spika haikutoa hata mkwaruzo.

Fundi Naftali, aliyejifunza redio Burma katika vita vya Mwingereza, alichomoa fyuzi ya nyuma, akaiinua dirishani. "Hii nzima."

"Ipige kofi ubavuni," akasema shemeji Sefania. Huyu ni mume wa dada yangu, mzee wa kanisa kule Mhezi milimani, yuko kwangu tangu Jumatatu eti anasaidia harusi. "Au imeishiwa mafuta?"

"Mzee, hii haili mafuta."

"Hakuna mashine isiyokula mafuta."

"Shemeji," nikasema, "hebu kanywe chai."

"Nimekunywa. Haina maziwa."

Naftali akazima, akafungua ubao wa nyuma. "Humu giza. Nani ana tochi?"

Sefania akatoa yake mfukoni, akamulika kwa madaha kama anayefungua ibada. Naftali akachungulia, akaingiza kidole.

"Hapa palikuwa na globu. Kishikio kitupu. Hii ndiyo fyuzi ya pili: umeme ukizidi, inaungua yenyewe, transfoma inapona. Ikiondolewa, taa zinawaka hivi hivi lakini umeme wa kutoa sauti haupiti. Nani kaitoa?"

Kila mtu akaapa. Amiri akaapa kwa mama yake mzazi. Sefania akazima tochi, akaanza kuirudisha mfukoni.

"Globu yenyewe ya namna gani?" nikauliza.

"Ya tochi tu."

Wote tukageuka.

"Shemeji!"

"Sanduku limefungwa kwa skrubu," akasema Sefania, "taa ya ndani inamwangazia nani? Yangu iliungua njiani Jumatatu. Nikaona ile imekaa bure."

"Tangu Jumatatu! Na asubuhi nzima unatushauri!"

Naftali aliichukua tochi, akaifungua, akatoa globu, akaikaza mahali pake, akawasha, akaweka sahani ya muziki. Tukasubiri vioo vipate moto, mimi nimejishika kichwa. Mara gitaa likalia mpaka vikombe vikatikisika, na nje lori la wakwe likapiga honi. Aliyetangulia kuingia kucheza ni Salama, na sikuwa nimemwalika.

Sefania alibaki pembeni na tochi yake tupu. "Sasa Mhezi nitapandaje bila taa?"

"Panda mchana."

"Mchana jua kali. Nitasubiri duka la Hamisi lilete globu."

Hamisi, mwenye duka, akanionea huruma kwa macho. "Mzigo wangu ni mwezi ujao, Mama Priska."

"Hakuna haraka," akasema shemeji, akavuta kiti. "Ila hii chai, kuanzia kesho, itiwe maziwa."